Muhogo Mchungu: Kumsoma Rashidi Kawawa kama Mwigizaji

Mtaje Rashidi Mfaume Kawawa mbele ya wanafunzi wa fasihi na jibu utakalopata ni la somo la siasa: Simba wa Vita, Waziri Mkuu, Makamu wa Rais, na ile barabara ndefu ya Dar es Salaam yenye jina lake. Wachache mno watakuambia kwamba kabla ya hayo yote mzee huyu alikuwa mwigizaji wa sinema, tena mhusika mkuu. Na hao wachache nao hulisema kama utani: "Eti hata sinema alicheza!" Kisha mazungumzo yanarudi kwenye Azimio la Arusha.

Makala hii inataka kuuchukua utani huo kwa uzito. Hoja yetu ni kwamba Kawawa alikabidhiwa uhusika ambao hakuubuni yeye, uhusika wa mshamba anayeingia mjini na kupotea, na kwamba uhusika huo umeishi maisha marefu kuliko sinema zenyewe. Tumezoea kumhakiki Kinjeketile, tumezoea kumlilia Rosa wa Kezilahabi. Sioni kwa nini Muhogo Mchungu aachiwe wanahistoria peke yao.

Tuanze na maisha, kwa kifupi, maana yanapatikana kwingi. Kawawa alizaliwa tarehe 27 Mei 1926 huko Songea. Alisoma Liwale, kisha Dar es Salaam, akamalizia Tabora, shule iliyowalea vijana wengi ambao baadaye walishika nchi. Alipotoka hapo akawa karani wa serikali, kwanza katika idara ya ujenzi, baadaye katika idara ya ustawi wa jamii. Ni katika idara hii ya pili ndipo alipokutana na kamera. Kazi ya idara ilikuwa kuwafundisha watu kusoma na kuandika, kuwahimiza usafi, kilimo bora na mengineyo, na chombo kimojawapo kilikuwa gari la sinema lililozunguka vijijini. Kijana Kawawa akawa mtu wa kikosi hicho. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, akapanda yeye mwenyewe kwenye kitambaa cheupe.

Hapa lazima tusimame, kwa sababu bila kuelewa gari lile hatuwezi kumwelewa mwigizaji.

Sinema za kuwaelimisha Waafrika wa Tanganyika hazikuanza na Kawawa. Kati ya 1935 na 1937 palikuwa na jaribio kubwa lililoendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara. Waliolisimamia ni Notcutt na Latham, fedha zikitoka kwenye shirika la Carnegie la Marekani, na wamisheni wakiwa nyuma yake. Zilitengenezwa sinema 35. Kwa maana ya kiufundi zilikuwa sinema bubu: picha upande mmoja, sauti upande wa pili kwenye santuri, na mtu wa mashine akihangaika ili vitu hivyo viwili visiachane njiani. Lori likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Waigizaji walikuwa Waafrika, mara nyingi watu wa pale pale.

Moja ya sinema hizo iliitwa Gumu. Inamhusu kijana wa shamba anayekwenda mjini kwa mara ya kwanza na kuharibikiwa. Naomba msomaji aikumbuke hadithi hiyo, tutaikuta tena mbele.

Baada ya hapo, mwaka 1939, Waingereza wakaunda kitengo chao cha sinema za makoloni chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya huko Nigeria. Sellers alikuwa na nadharia, na nadharia yenyewe si mchezo. Alidai mtazamaji wa Kiafrika wa kijijini hawezi kuifuata picha inayokwenda haraka. Kamera isigeuke ghafla, maana mtazamaji atadhani miti inakimbia. Picha isikatwe katwe. Hadithi iwe moja, iliyonyooka, isiyo na mafumbo. Kuna kisa walichopenda kusimuliana: eti wanakijiji walioonyeshwa mbu mkubwa kwenye sinema ya malaria wakajibu kwamba wao hawana wasiwasi, mbu wa kwao ni wadogo.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha vitendawili atacheka. Jamii iliyolea methali, mafumbo na ngano za sungura, ambamo mhusika mmoja ni mnyama, ni mtu na ni mfalme kwa wakati mmoja, inaambiwa haiwezi kufuata fumbo! Na wale waliosema "mbu wetu ni wadogo", nani amethibitisha kwamba hawakuwa wakimtania mzungu? Lakini nadharia hiyo, hata kama ni ya kuchekesha, ilipanga kila kitu: urefu wa picha, mwendo wa mwigizaji, hata namna ya kuinua mkono. Mwigizaji alitakiwa kuonyesha kila wazo kwa mwili, polepole, kama anazungumza na mtoto.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wahakiki wa maigizo wangepaswa kulipenda. Sinema nyingi za vikosi vile zilionyeshwa bila maneno, au kwa Kiingereza, na mtu mmoja akasimama kando na kipaza sauti akieleza kwa lugha ya watu. Huyu ndiye aliyekuwa fanani halisi wa usiku ule. Angeweza kurefusha, kufupisha, kutia mzaha, hata kubadilisha maana kabisa na bwana mkubwa asijue. Ukitaka kuona daraja kati ya mtambaji wa hadithi na sinema ya Kiswahili, usilitafute kwenye studio. Litafute kwa mkalimani aliyesimama gizani karibu na jenereta. Kawawa alilelewa kisanaa katika mazingira hayo, upande wa gari kabla ya kuhamia upande wa picha.

Sasa tufike kwenye sinema zake. Serikali ya Tanganyika ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg. Mwongozaji Donald Swanson alikuwa tayari na jina kule kusini kwa sinema ya mwaka 1949, Jim Comes to Jo'burg, inayomhusu kijana wa shamba anayekwenda kutafuta kazi jijini. Kumbe fundi alikuja na kipimo chake mfukoni. Miongoni mwa sinema za Tanganyika ni Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi, na Kawawa ndiye nyota wake. Tofauti na zile za Vugiri, hizi zilikuwa na hadithi ndefu, na Kiswahili kikasikika.

Zitazame anuani tu, kama tunavyofundishwa kuanza uhakiki wa kitabu chochote. Chalo Amerudi: neno "amerudi" limebeba safari nzima. Huwezi kurudi kama hukuondoka, na namna neno lenyewe lilivyokaa linaonyesha kwamba msemaji yuko nyumbani, anamtazama Chalo akija. Mtazamo ni wa kijiji. Muhogo Mchungu ni anuani tata zaidi. Huyu ni mtu wa shamba anayeingia mjini na kuangukia mikononi mwa wajanja. Kwa msikilizaji wa haraka, muhogo ni chakula cha maskini, na mchungu ni ule usiofaa, basi mhusika ni bwege. Lakini mkulima anaujua muhogo mchungu vizuri. Una sumu, ndiyo, ila ukiulowanya, ukauanika na kuutwanga unakuwa unga wa kula mwaka mzima. Tena nguruwe na nyani hawausumbui sana kama ule mtamu. Watu huupanda makusudi. Kwa hiyo jina lile lile linalomfanya mhusika kuwa kichekesho mjini lina maana nyingine kabisa kwa hadhira ya vijijini: kitu kigumu, chenye kinga yake, kinachohitaji anayejua kukiandaa. Sidhani kama waliogharimia sinema waliifikiria maana hii ya pili. Hadhira haikuhitaji ruhusa yao.

Hapa ndipo ninapopenda kumlinganisha Kawawa na mwigizaji mmoja wa Uingereza ambaye hata bibi zetu wanamjua kwa sura: Charlie Chaplin. Alizaliwa London mwaka 1889, akakulia jukwaani katika vichekesho vya kumbi za muziki, akaenda Marekani na kuwa nyota wa sinema bubu tangu 1914. Wapo wanaosema kwamba neno letu "chale", kwa maana ya mchekeshaji, limetokana na jina lake. Mhusika wake mkubwa, yule mzururaji mwenye kofia na fimbo, naye ni mtu asiyetakiwa mjini. Anafukuzwa na polisi, anadanganywa na wenye fedha, viatu vyake ni vikubwa kuliko bahati yake.

Kwa juujuu basi, mzururaji na Muhogo Mchungu ni ndugu. Tofauti iko wapi? Iko kwenye umiliki. Chaplin aliandika hadithi zake, akaziongoza, na mwaka 1919 akashirikiana na wenzake kuanzisha kampuni ya United Artists ili kazi yao isiwe mikononi mwa matajiri wa studio. Kwa hiyo mzururaji anapomkimbia polisi, sisi tunamcheka polisi. Dhihaka inapanda juu. Kwa Muhogo Mchungu, mswada ni wa serikali, mwongozaji ni wa kampuni ya Johannesburg, na mjanja wa mjini ni Mwafrika mwenzake. Mkoloni haonekani kabisa katika orodha ya wanaomwibia mkulima! Kodi haimo, bei ndogo ya mazao haimo. Dhihaka inashuka chini, kwa yule yule aliyekaa kwenye nyasi akitazama.

Mwalimu mmoja aliposikia hoja hii aliniuliza: kwani mwigizaji ni mtumwa wa mswada? Swali zuri. Nadhani si mtumwa, ila si huru pia. Mwigizaji ana mwili, sauti na muda. Anaweza kumfanya bwege aonekane mtu. Fikiria jambo hili: mtazamaji wa Tanganyika aliyezoea kuwaona Waafrika kwenye sinema za kizungu wakiwa wapagazi na wapiga ngoma, sasa anamwona mwenzake mbele ya kamera kuanzia mwanzo hadi mwisho, akizungumza Kiswahili, akikosea, akifikiri, akiamua. Hata kama uamuzi wenyewe ni wa kipumbavu, yeye ndiye mwenye hadithi. Huo ni ushindi ambao mswada haukuukusudia.

Uhusika huu haukukaa kwenye sinema peke yake. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho ya mwaka 1976, ni miongoni mwa waliotufungulia njia ya kuzitazama sanaa hizi kama zetu. Tukirudi katika shule za wakoloni tunaviona vichekesho. Wakati wazungu wa Dar es Salaam wakicheza tamthilia zao kwenye kumbi zao, na shule kubwa zikihimizwa kucheza Shakespeare, Waafrika wakaunda igizo fupi lisiloandikwa, lenye kuchekesha. Na nani alichekwa? Mara nyingi ni yule asiyejua ustaarabu mpya: anayekula sabuni, anayeogopa gari, anayekosea Kiingereza. Kichekesho na gari la sinema vilikuwa vinanywa kisima kimoja. Uhuru ulipokuja, kichekesho kikahamia redioni, kikahamia kwenye majukwaa ya vikundi, kikahamia kwenye kanda za video na runinga. Mzee Majuto, aliyefariki mwaka 2018, aliwafanya watu wa nchi nzima wacheke kwa kumvaa mzee wa namna hiyo, ingawa yeye alikuwa mjanja: mshamba wake mara nyingi ndiye aliyemzidi akili mtu wa mjini.

Mimi natoka Singe, pale Babati, na suala hili kwangu si la vitabuni tu. Ukitokea mikoani na lafudhi yako ya Kigorowa au Kiiraqw ukaingia bwenini, wiki ya kwanza unapewa uhusika wako tayari, mswada umeshaandikwa. Utaulizwa kama umewahi kuona ghorofa. Nyumbani nako, kwenye vibanda vya video vya Singe, nimekaa na watu wanaocheka kwa machozi sinema ambayo mshamba wake anavaa, anatembea na kuzungumza kama wao. Niliwahi kumuuliza jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, anamcheka nani. Akasema, "Mwanangu, nawacheka hao wanaodhani sisi tuko hivyo." Sellers hakumpata mtazamaji huyu katika nadharia yake.

Turudi kwa Kawawa. Mwaka 1953 alipelekwa Urambo kufanya kazi miongoni mwa Wakikuyu waliozuiliwa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku watumishi wake kujiunga na siasa, kwa hiyo yeye akapita mlango mwingine: akaongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Hatimaye akaiacha kazi ya serikali akaingia TANU waziwazi. Uigizaji ukaishia hapo. Ni muda mfupi mno, miaka michache tu. Lakini ni nani kati ya wanasiasa wa wakati ule aliyekuwa na sura iliyokwishatangulia vijijini kwenye kitambaa cheupe kabla ya yeye mwenyewe kufika na kadi za chama?

Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu tarehe 22 Januari 1962 ili akajenge chama, aliyemwachia kiti ni Kawawa. Wamarekani walipompata rais mwigizaji, Ronald Reagan, mwaka 1981, dunia nzima ilishangaa. Sisi tulikuwa tumeshapata waziri mkuu mwigizaji miaka 19 kabla, na hatukuona ajabu. Mwaka 1963 Nyerere, sasa rais, akatoa tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari. Angalia basi safu ya juu ya nchi hii changa: rais ni mfasiri wa tamthilia, makamu wake ni mwigizaji. Katika idara za fasihi tumeandika sana juu ya wa kwanza. Wa pili tumemwachia idara ya historia.

Mwanzoni mwa mwaka 1967 ni Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, aliyetangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili na Kiingereza kisitumike pasipo lazima. Tunalisoma tukio hilo katika kozi za isimujamii kama sera. Ukilisoma kama mtu wa sanaa za maonyesho, unamwona mtu ambaye alishawahi kushuhudia, usiku baada ya usiku, nguvu ya sauti ya Kiswahili mbele ya halaiki, na udhaifu wa picha isiyo na lugha ya watu.

Sehemu iliyo ngumu ni ya miaka ya 1972 hadi 1977, alipokuwa Waziri Mkuu mara ya pili. Ni miaka ya Siasa ni Kilimo na ya vijiji vya ujamaa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Kila Mtu Afanye Kazi, watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi Dar es Salaam wakakusanywa na kurudishwa mashambani. Mwaka huo huo, 1976, Bunge likapitisha sheria ya filamu na michezo ya kuigiza: mtu asipige sinema bila kibali, na mswada wake uonwe kwanza na serikali. Gumu, Jim, Muhogo Mchungu, wote walikuwa wameambiwa jambo moja: mji si mahali pako, rudi shamba. Sasa jambo hilo linasemwa na dola ya Waafrika wenyewe, kwa malori halisi.

Kuna kishawishi cha kuchora mstari mnyoofu kutoka sinema ile hadi operesheni hii, na kumhukumu mzee kwa uhusika wa ujanani. Nakikataa. Mstari haupiti kwa mtu mmoja. Unapita kwenye hadithi, ambayo wakoloni waliisimulia, uhuru ukairithi, na riwaya zetu nyingi za miaka ya 1970 zikaiendeleza, ambamo msichana akifika mjini lazima aharibike. Tukimlaumu Kawawa peke yake, tunajisamehe sisi wenye vitabu. Ila la sheria halina utetezi wa namna hiyo. Serikali iliyoongozwa na mtu aliyewahi kucheza mswada ulioandikwa na dola ilipopata nafasi ya kuamua, iliamua kwamba dola iendelee kuusoma mswada kwanza. Hilo lazima lisemwe, na anayelisema hamvunjii heshima marehemu.

Kawawa alifariki tarehe 31 Desemba 2009. Waliomsifu walitaja utii wake kwa chama, uadilifu wake, maisha yake ya kawaida. Yote ni kweli. Uigizaji ukitajwa ulitajwa kama hatua ya kupitia.

Kwa wenzangu wa kundi la maonyesho wanaofikiria kuurudisha uhusika huu jukwaani, tatizo la kwanza mtakalolikuta mazoezini si mavazi wala lafudhi. Ni mahali pa kicheko. Mshamba anapotapeliwa, mwelekezeni mwigizaji amtazame nani kwanza: tapeli, au hadhira? Akimtazama tapeli, watu watamcheka yeye. Akigeuka akaitazama hadhira, akanyamaza hata kwa pumzi mbili tu, wale wa viti vya nyuma wataanza kuacha kucheka, mmoja mmoja.